Anashukuru, Mheshimiwa

Wasomaji wangu mnajua sina kawaida ya kuandika nikiwa na hasira. Leo mnivumilie. Juma lililopita nilikuwa sokoni Karatu nikichagua vitunguu vya Mang'ola, akanijia matroni wa ile shule ndogo ya watoto viziwi iliyo jirani na kwangu, macho yamemwiva. "Pole, mzee. Mwalimu wetu hatunaye." Sikuuliza mwalimu yupi, ingawa marehemu alishaondolewa shuleni hapo na kupelekwa Malambo, kwenye shule ya kawaida isiyo na mtoto kiziwi hata mmoja. Aliugua hukohuko, akaletwa nyumbani akiwa hoi, na hakuchukua muda. Tulifahamiana kwa ujirani tu, salamu na maongezi ya kungojea mvua ipite, lakini kifo chake kimenichoma.

Kuna siku nilimkuta getini pa shule, akafika mfugaji mmoja kutoka Endulen, na shuka lake na fimbo yake, kumtembelea binti yake. Alitueleza bila kuficha kwamba tangu mtoto azaliwe hawajawahi kuongea. Nyumbani alivutwa mkono kwenda kula, akasukumwa kwenda kulala, basi. Binti akaja mbio, akaanza kuchezesha mikono, akauweka mmoja kichwani na kuukunja kuelekea jichoni. "Anasemaje?" baba akauliza. Mwalimu akacheka. "Anauliza yule ng'ombe wa pembe iliyopinda kama ameshazaa." Mzee wa watu akashikwa na bumbuwazi. "Kumbe anamkumbuka? Mwambie amezaa, ndama jike." Kisha akaegemeza fimbo yake ukutani. "Hapana mwalimu, usimwambie wewe. Nionyeshe mimi mkono wa kusema ndama." Nikawaacha pale, baba anakosea, binti anamshika vidole na kumrekebisha, wote wanacheka.

Huyo ndiye mtu waliyemhamisha. Ulipita ule unaoitwa msawazo: shule zenye walimu wengi zipunguziwe, zenye uhaba ziongezewe. Jambo jema, siligombi. Lakini darasa la viziwi lina watoto wachache kwa sababu kila mmoja lazima aione mikono na uso wa mwalimu; huwezi kuwarundika. Mtu aliyekaa ofisini akagawanya watoto kwa walimu, akaona pale walimu wamezidi, akamng'oa aliyeijua lugha ya alama kuliko wenzake wote. Shule ilipolalamika ikaletewa kijana mwenye moyo mzuri asiyejua alama hata moja, akawa anafundisha hesabu huku ameugeukia ubao. Alipoanza kuelewana na watoto, naye akahamishwa. Akaja mwingine, hadithi ikawa ileile. Mkuki kwa nguruwe! Wapeni watoto wa wakubwa hao mwalimu anayefundisha kwa lugha wasiyoijua, muone kama kikao hakitaitishwa kesho yake.

Mazishi ndiyo yaliyonitia kinyaa hasa. Watoto waliletwa na sare zao, wakapangwa benchi la mbele ili watokee vizuri kwenye picha. Kipaza sauti kikapita mkono hadi mkono. Marehemu akaitwa jembe, akaitwa hazina, akaitwa pengo lisilozibika, na waliosema hayo ni walewale waliomhamisha. Watoto wakawa wanatazama midomo inavyofunguka na kufungwa. Hakuna aliyewatafsiria. Mtu ambaye angefanya kazi hiyo alikuwa ndani ya jeneza, na matroni anajua alama za chakula, ugonjwa na usingizi, na nyingine chache za kuokotezea. Mwishoni mkubwa mmoja wa elimu akawakumbuka. "Matroni, waambie wasihuzunike. Tunawaletea mwalimu mwingine." Matroni akajitahidi kwa mikono. Yule binti wa Endulen, ambaye sasa ni mkubwa, akasimama, akafanya kama anayetundika kitu begani, akakaa. "Anasemaje?" mkubwa akauliza huku akitabasamu. Matroni akamgeukia. "Anashukuru, mheshimiwa." Watu wakapiga makofi.

Tulipokuwa tukitawanyika nikamvuta matroni pembeni, maana sikuiamini ile shukrani. Akaangalia huku na huku kwanza. Akaniambia kwamba watoto hawa humpa mwalimu jina la alama, kwa jambo wanaloliona kwake. Marehemu jina lake lilikuwa kidole kwenye pengo la meno, na alijivunia. Waliofuata hawakupewa majina. Wote wanaitwa kwa alama moja, begi begani. "Alisema, 'Begi lingine.' Sasa mzee, mimi ningemwambiaje mheshimiwa mbele za watu?"

Simlaumu matroni, ana kazi ya kulinda. Nawalaumu waliopiga picha na kupanda magari yao wakiamini wameshukuriwa. Funzo ni dogo na halihitaji semina: mwalimu anayeijua lugha ya watoto hawa asiguswe mpaka wa kumrithi aweze kuongea nao. Binti yule anafanya mtihani wa darasa la saba mwaka huu. Mwalimu mpya atakapofika, itambidi binti aweke daftari lake chini, aanze kumfundisha mwalimu kusema "maji".