Nyumba Isiyo na Kona na Gari la Kuivuta

Wifi yangu ni fundi wa makochi, na mtaa mzima humwita Mama Makochi. Kibandani mwake viti vilivyovuliwa nguo husimama mifupa nje, vikingoja kuvishwa upya, na vumbi la sponji huelea katika mwanga wa dirisha la nyuma, polepole sana, kana kwamba humo ndani hata mchana umekaribishwa kiti ukaketi. Chini ya dirisha hilo ipo cherehani yake ya chuma, ambayo wanaume wawili huibeba kwa kulaani. Mshonaji hufuata mwanga. Hilo kwake halina mjadala.

Mumewe ni kaka yangu wa tumbo moja. Aliendesha lori la mafuta utu uzima wake wote, na madereva wenzake wakamwita Taratibu, wengine kwa heshima na wengine kwa kejeli, kwa kuwa hakupata kumpita mtu kwenye kona. Macho yake yalipougua, yaliugua kutoka pembeni kuja katikati. Kikombe kilichowekwa kuliani kwake hakikuwapo mpaka akigeukie. Mwishowe akawa anauona ulimwengu kama anayechungulia kwenye bomba. Daktari alimweleza bila kuficha: kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kitazidi kusinyaa, labda kwa msimu mmoja, labda miwili.

"Waliosema macho hayana pazia hawakuoa fundi wa makochi," kaka akamjibu. "Yangu yameshonewa, tena kwa uzi mzuri."

Daktari hakujua acheke au aendelee kuandika. Mama Makochi alicheka, kisha akatoka ukumbini akasimama akiutazama ukuta.

Ni baada ya hapo kaka alipoanza kulitaja bonde. Liko mbali, mahali ambapo barabara inakata ubavu wa mlima na kushuka ikizunguka kama ganda la chungwa linalomenywa. Alikuwa amepita juu yake mara zisizohesabika, na hakuwahi kuliona. Aliyebeba mafuta kwenye mteremko hatazami pembeni.

"Kila aliyepanda na mimi alikuwa akishangaa, 'Taratibu, angalia kule!' Namwambia, angalia wewe, mimi nina barabara. Nikasema nitakuja kuangalia siku yangu." Akamgeukia mkewe. "Sasa nataka nitazame pembeni, mke wangu. Mara moja tu, kabla pembeni hakujaisha."

Ombi lilikuwa hilo, na hapakuwa na jingine. Ugumu ni kwamba bonde lile hufunikwa na ukungu kutwa nzima na kufunguka asubuhi tu, tena siku ukungu wenyewe ukipenda. Sharti mtu alale palepale juu angoje, na pale juu hapana nyumba ya wageni. Hata ingekuwapo, kaka alikuwa hawezi tena kulala katika chumba asichokijua. Kila kitanda kigeni kilikuwa na ukingo uliomvizia, kila meza ilikuwa na pembe iliyoujua mfupa wa paja lake. Miguu yake ilikuwa na alama za nyumba za watu.

Basi wifi yangu akaenda nyuma ya gereji moja akalikuta tela la makazi limetelekezwa kwenye majani: chumba kidogo juu ya magurudumu, chenye vitanda, meza na dirisha pana kisogoni. Akawalipa vijana wakalisukuma mpaka uani kwake, na akaanza kulivisha. Kila kona aliifunika. Ukingo wa kitanda aliuvisha turubai, meza akaivisha ngozi, kizingiti cha mlango akakiwekea mahameli, ili mkono wa mumewe ukigusa ujue ulipo kabla ya kichwa kuuliza. Kabati lilipata mbavu za sponji, na dari likapata kifua laini cha usufi. Ukiingia humo na kufunga mlango, sauti za mtaa zilizama, na ulijihisi umeingia ndani ya mto wa kulalia ambao mtu mwingine anauota. Niliwahi kumkuta kaka amesimama katikati, macho ameyafumba kwa hiari yake, akizunguka polepole mikono imenyooka, akitabasamu kwa kila alichokigusa.

"Mama Makochi," jirani alimtania kupitia uani, "hiyo nyumba inakaliwa au inalaliwa?"

"Inakumbatiwa. Ukitaka kujua njoo ujigonge."

Hakuna aliyeuliza inabebwa na nini. Mafundi wa makochi huamini kwamba sponji haina uzito, kwa kuwa sponji ndiyo wanayoibeba kwapani. Husahau ubao ulio chini yake, na misumari, na springi, na ngozi nene iliyo juu.

Gari lao dogo lisingeweza hata kulitingisha tela lile, kwa hiyo tukaenda yadi ya magari kubadilisha. Hapo ndipo damu yangu ilipochemka, na mpaka leo haijapoa vizuri. Muuzaji alitupokea sote watatu, akamchagua kaka, mtu ambaye hakuona hata mkono alionyooshewa, akamweleza yeye tu.

"Mzee, hili ni dume. Linavuta nyumba na msingi wake!"

"Anayeendesha ni mimi," wifi akasema.

"Sawasawa, mama, wewe utachagua rangi. Mzee, sikiliza injini."

"Linavuta kilo ngapi?"

"Elfu moja na mia tano, mama, bila kuhema. Tela lenu kavu halifiki hata mia nane, si ndiyo? Mnaogopa nini?"

Tela kavu! Nani aliyewahi kusafiri na tela kavu? Nani anayekwenda mlimani bila maji, bila godoro, bila mtungi wa gesi, bila sufuria, bila nguo za baridi? Ile tarakimu ya muuzaji, kama tulivyokuja kuelewa, ilikuwa ya gari lenye dereva peke yake na buti tupu. Ni tarakimu ya safari ambayo haipo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na muuzaji yule aliubeba mzigo wetu kwa ulimi wake, akauona mwepesi.

Tukalichukua lile dume. Mama Makochi akapakia kama alivyojua kupakia. Vitu laini aliviweka mbele. Tangi la maji akalijaza, akalisukuma nyuma karibu na mlango. Kisha akawaita wanaume wawili wa kulaani, na cherehani ya chuma ikapandishwa na kuwekwa chini ya dirisha la kisogoni, pamoja na sanduku la springi na kiti cha mteja kisichomalizika. Kaka alishangaa.

"Mama, tunakwenda kutazama au kushona?"

"Sijawahi kulala mahali ambapo cherehani hii haipo. Na tazama lile dirisha lilivyo na mwanga."

Kabla ya safari yenyewe alitaka kujaribu barabara inayoshuka nyuma ya mji. Nilikaa kiti cha nyuma. Asubuhi ilikuwa tulivu, miti inapita, na kwenye kioo niliiona nyumba ile laini ikitufuata kwa utii. Kisha mteremko ukaanza, na utii ukakoma. Tela liliyumba kidogo kushoto, likayumba kulia zaidi, likarudi kushoto kwa hasira, na gari nalo likaanza kucheza ngoma ambayo halikuichagua. Mguu wa wifi ulikuwa unaelekea kwenye breki.

"Usikanyage!" Kaka hakuwa ameona kitu, alikuwa amehisi kwa kiuno. "Achia mafuta. Shika usukani unyooke, usipigane nao. Liache lichoke. Liache, mama, liache."

Likachoka. Yale mayumbo yakapungua, yakawa kama pumzi ya mtu anayerudiwa na usingizi, na gari likasimama ukingoni mwa barabara. Tulisikia maji ya tangi yakiendelea kubembea peke yake kule nyuma.

"Hatuendi," kaka akasema. "Nimebeba mafuta maisha yangu yote sikumwaga. Sitaki kukumwaga wewe."

"Bonde je?"

"Bonde halinijui. Lina shida gani?"

Wifi yangu alishuka, akalizunguka tela akilikazia macho, kama anavyokizunguka kiti kinacholia mtu akikikalia. Kisha akatupeleka, mwendo wa kobe, mpaka kwenye mizani ya malori nje ya mji.

Karani wa mizani alikuwa mwanamke mcheshi mwenye kofia ya sufi, aliyefurahi kupima kitu kisicho saruji. Alipima vyote pamoja, akapima tela likiwa limefunguliwa, akapima pua yake peke yake, ile sehemu inayokaa juu ya ndoano ya gari. Akacheka.

"Hii nyumba ina nini ndani, makaburi? Imepita elfu moja na mia nne."

"Gari linavuta elfu moja na mia tano," wifi akasema.

"Kuvuta hata ng'ombe anavuta, dada. Je, linasimamisha? Tela hili ni zito kuliko gari lenyewe. Punda akifungiwa mzigo uliomzidi, mzigo ndio unaochagua njia. Na hamjajihesabu ninyi mlio ndani. Kila kilo inayokaa kwenye kiti inatolewa kwenye ndoano." Alinigeukia. "Huyu naye ni mwenzenu wa safari?"

"Ni wifi yangu," Mama Makochi akasema.

"Kilo ngapi?"

Nilimwambia kwamba hilo si swali la kuulizwa mtu mzima hadharani. Kaka, aliyekuwa hajacheka tangu mteremkoni, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwandikie mia, dada, usimwonee haya!"

Karani akarudi kwenye pua ya tela. Pua, alisema, inapaswa kulilalia gari kwa takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela. Ikilala zaidi inaelemea gari nyuma, ikilala kidogo tela linatafuta kuruka. Ya kwetu haikulala hata kidogo. Ungeweza kuinyanyua kwa mkono mmoja. "Vizito vyote mmevipeleka mkiani. Nani amepakia?"

"Mimi," wifi akasema. "Nilifuata mwanga."

Tulirudi nyumbani. Uani, Mama Makochi alifungua mlango wa tela akakaa kizingitini, juu ya mahameli yake, kwa muda ambao sikuthubutu kuuingilia. Nilimwelewa. Angeweza kubandua vifuniko vya kona: mbao, ngozi, springi, vyote vile vilikuwa kilo. Angepata wepesi, na mumewe angelala tena katika nyumba yenye meno. Au angeacha cherehani, kitu ambacho mikono yake haikupata kuachana nacho tangu akiwa msichana, akaenda mahali ambako angekaa mchana kutwa bila kazi, mkavu, akingoja ukungu.

"Tulisogeze mbele hilo lichuma," nikashauri.

"Likisogea pua itatulia, lakini uzito uko palepale. Hukumsikia?" Akasimama, akajifuta mikono kwenye gauni. "Waite wale wa kulaani."

Cherehani ikatoka. Springi zikatoka, na kiti cha mteja, na kitanda cha pili, na kabati lenye mbavu laini. Tangi likahamia juu ya ekseli ya magurudumu, nusu tupu. Maji mengine tungejaza karibu na mlima. Mabegi yangu mawili yakawa moja, na sitasimulia lilivyokuwa moja. Vifuniko vya kona vikabaki vyote. Tuliporudi mizani, karani alitazama kipimo, akajaribu kuinyanyua pua ya tela kwa mkono mmoja, ikagoma.

"Sasa gari ndilo baba wa nyumba," akasema. "Nendeni."

Safari ilikuwa ndefu na laini kama habari inayosimuliwa na mtu mwenye usingizi. Mashamba yalikuja, yakapita. Wifi aliendesha mgongo wima, na nyuma yetu tela lilifuata bila neno. Juu ya mteremko palikuwa na kiwanja cha kupumzikia malori. Tukaegesha hapo, na ukungu ukatufunika mpaka tukawa hatuoni boneti. Kesho yake ukungu. Kesho kutwa ukungu. Mama Makochi hakujua la kufanya na vidole vyake. Alikunja taulo, akazikunjua, akamshonea kaka kifungo ambacho hakikuwa kimekatika. Kaka alitembea ndani ya nyumba yake laini bila kujigonga, na kila asubuhi aliuliza, "Nje kuna nini?" na kila asubuhi tulimwambia, "Maziwa."

Kisha asubuhi moja wifi alifungua mlango, akamshika mumewe mkono, akamketisha kwenye kiti cha kukunja kwenye majani, akamgeuza bega.

Ukungu ulikuwa ukishuka chini kama maji yanayonywewa na mchanga. Kaka alinyoosha shingo. Bomba lake dogo la kuonea likatua mahali, likatulia, likasogea kidogo.

"Kuna paa," akasema. "La bati. Linang'aa. Kuna moshi." Akasogeza kichwa. "Kuna mtu anaanika shuka juu ya ua. Mke wangu, kumbe kuna watu! Miaka yote ile nawapigia honi juu ya vichwa vyao."

"Nyumba ngapi?"

"Usinikimbize."

Alikuwa akilisoma bonde kipande baada ya kipande, kutoka kulia: mto, kisha kivuli cha mlima, kisha mbuzi waliotawanyika kama punje, kisha shamba la kijani lenye mtu mmoja katikati. Kila kipande alikitaja kwa sauti ndogo, na Mama Makochi, aliyekuwa na macho mazima, alikaa miguuni pake akitazama pale tu alipoambiwa. Jua likapanda. Malori yakaanza kushuka, yakinguruma. Kule chini ukungu ulianza tena kujikusanya kando ya mto. Nilichemsha chai, nikamwita kaka, nikamwita tena.

"Inapoa!"

"Iache ipoe, mdogo wangu," akasema bila kugeuka. "Bado sijafika upande wa kushoto."