Dawa Iliyotutangulia

Fiii, fiii. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya kifua cha mama, kama mupira wa baiskeli unaotokwa na upepo polepole, na bado ninaisikia. Kifua kilimushika akitwanga pondu, majani ya muhogo. Kituo chetu cha afya cha Bengamisa kilikuwa kimeishiwa sindano, basi ikabidi tumupeleke Kisangani.

Asubuhi tonton Faustin, mudogo wa mama, aliwasha moto yake, pikipiki anayobebea makala. Mama alikaa katikati, mimi nyuma nikimukumbatia.

“Beya, wewe ndiye garde-malade, wa kumuchunga mugonjwa,” tonton aliniambia. “Docta akikupa karatasi ya dawa, usiiachilie hata ukienda chooni. Ukiwa na karatasi, unapiga hodi kwa pharmacie yoyote.”

“Na akikataa kunipa?”

“Umulilie. Kulia unajua.”

Njiani mashimo yalijaa maji mekundu. Mama, na pumzi yake ile ndogo, hakuacha utani: “Faustin, polepole! Unabeba mutu, haubebi makala.” Mimi nilikuwa na furaha yangu. Nilikuwa nimesikia kwamba kwa hospitali ile sasa dawa zinaandikwa kwa mashine, nikajiona nimekaa mbele ya mashine kama hiyo, kucha zimepakwa rangi. Nilimuambia mama. “Rangi,” akasema, “kwa vidole vya kuchuma pondu?”

Tulipovuka daraja la Tshopo, maji yalinguruma hadi nikashindwa kusikia kifua chake. Nikadhani anapata nafuu.

Hospitalini, docta mumoja kijana alimulaza mama wodini, akamupima haraka, akabonyeza-bonyeza mashine yake. Nikanyoosha mukono kungoja karatasi.

“Karatasi ilikufa, dada,” akacheka. “Zamani watu wa pharmacie walishindwa kusoma maandiko yetu, wanatoa dawa ingine. Sasa nenda tu kwa dirisha. Dawa yako imekutangulia.”

Sikumulilia. Nilipiga makofi! Docta akaitwa kwenye chumba cha upasuaji, mulango ukafungwa.

Kwenye dirisha la pharmacie tulisimama garde-malade wengi, mikono mitupu. Kabla zamu yangu kufika, courant ya umeme ikakatika. Mashine ikawa nyeusi.

“Sioni kitu, binti yangu,” mama wa dirishani alisema.

“Ni sindano ya kifua, mama!”

“Sindano za kifua iko mingi. Nikikosea, nitakuulia mama.”

Alisema kweli, na ndiyo inayoniuma. Hakuna aliyekuwa mubaya pale. Tonton alikwenda kugonga mulango wa upasuaji, wakamufukuza. Watu wakatafuta mazutu ya jenereta. Tukangoja, tukangoja.

Mwanga uliporudi, mama wa dirishani aliangalia, uso ukamubadilika. “Docta ameandika, iko hapa. Lakini kwetu imeisha.”

“Basi nipe karatasi nikatafute inje!”

“Mashine ya karatasi haina wino. Shika bic hii, uandike.”

Akanisomea jina herufi moja-moja, nikaliandika kwenye kiganja changu. Nikapanda toleka, baiskeli ya abiria, kijana akakanyaga pedali mpaka pharmacie moja ya Kabondo.

Mwenye pharmacie aliangalia kiganja changu. “Mukono haina muhuri, dada.”

“Papa, mama yangu hana pumzi.”

Akaangalia tena, safari hii uso wangu, si mukono. Akafungua kabati, akanipa.

Kufika wodini, nilimukuta tonton amesimama mulangoni, ameshika kandambili za mama. Nilitega sikio nisikie ile fiii. Hakukuwa na sauti.

Kurudi Bengamisa, mama alilala nyuma ya kamioneti iliyopakia mifuko ya chumvi, na tonton akamuomba dereva, “Polepole, kaka. Unabeba mutu.”

Baada ya maziko, kila mutu alinawa kwenye beseni mbele ya nyumba, kama tunavyofanya. Mimi niliosha mukono mumoja tu. Ule wa kushoto, wenye jina la dawa, nilikuwa nimeukunja.

Ninyi mutakaokwenda baada yetu, ile mashine musiichukie. Inamuzuia mutu kupewa dawa isiyo yake. Lakini walituondolea karatasi kabla courant haijazoea kukaa. Basi musitoke mbele ya docta bila jina la dawa, hata akiliandika kwenye ngozi yenu.

Jioni ile, wageni wakila, nilikwenda peke yangu nyuma ya jikoni. Nikafungua kiganja, nikasoma jina lile kwa sauti mara moja. Halafu nikachukua majivu na sabuni, nikasugua.