Udenda Kwenye Gari la Daktari

Katika kliniki ile ya meno, Mama Pamba, mpokea wagonjwa, aliogopwa kuliko daktari mwenyewe. Jina alilipata kwa kumtilia kila mgonjwa pamba mkononi kabla hata hajasalimia.

Daktari alikuwa mama mgeni, Kiingereza kitupu. Kila akimaliza kuchoma sindano ya ganzi, alimwonyesha mgonjwa kidevu na kusema: drool. Mama Pamba akang'amua kwamba ni kutokwa na udenda, maana mdomo ukifa ganzi mate humwagika, mwenyewe hana habari. Miaka mitatu alilitumia neno hilo bila kukosea, akajiona Kiingereza amekimaliza.

Asubuhi moja daktari alikuja na gari jipya, jekundu, linameremeta. Akaingia akitabasamu na kusema kwamba mtaa mzima, drool, juu ya gari lake.

Mama Pamba akachungulia dirishani. Kweli, wanaume watano wamelizunguka, midomo wazi! Akabeba ndoo, sabuni na boksi zima la pamba, akatoka mbio.

"Watu wazima hamna haya? Gari la watu mnalidondoshea udenda!"

Akaanza kusugua boneti kwa hasira, huku akiwagawia pamba. Mmoja, kwa woga, akajifuta kidevu.

Bahati nzuri shemeji yake, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa mmoja wao. "Shemeji, kwani daktari kasemaje?"

Akaambiwa. Mwalimu akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Alimaanisha tunalimezea mate!"

"Kumeza ni kuingiza ndani, shemeji. Yeye kasema yanatoka nje!"

"Ndiyo hivyo. Mtu akikitamani kitu, sisi mate tunayameza, wao wanayaacha yadondoke. Neno ni lile lile la ganzi."

Mama Pamba akasimama na ndoo yake, povu likimtiririka hadi viwiko, akitamani ardhi ipasuke. Daktari naye alikuwa mlangoni, hajui acheke au aulize. Mwalimu akamweleza.

Daktari akacheka hadi machozi, kisha akauliza: mkimeza, mtu atajuaje kwamba mnatamani?

"Macho, daktari," Mama Pamba akajibu, bado amenuna. "Macho hayamezeki."

Mwalimu alipomtafsiria, jibu hilo lilimkuna daktari. Kesho yake alifika mapema na daftari, akavuta kiti mbele ya meza ya mapokezi, akaomba afundishwe Kiswahili. Mama Pamba alikubali, kwa sharti moja: mwanafunzi asichelewe.