Maiti Aliyemsuta Jirani

Sila wa nyuma ya vilima vya Mpwapwa alipenda vitu viwili duniani: usingizi, na fahali wake aliyeitwa Mabaka. Mkewe Loisi husema yeye alikuwa wa tatu, na hapo nadhani alijipendelea.

Mwaka ule Wajerumani walipokuwa wakivuta reli kuelekea Dodoma, akida Mbwana alipita nyumba kwa nyumba akikusanya wanaume wa kubeba vyuma. Sila alipomwona kwa mbali, alijilaza juu ya ngozi ya ng'ombe, akajifunika shuka gubigubi.

"Mwambie nimekufa," alimwagiza mkewe.

Loisi hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu. Alipiga yowe, kijiji kizima kikajaa uani. Akida akampa pole, akaketi, akasema hawezi kuondoka kabla ya kuzika, si uungwana. Basi kaburi likaanza kuchimbwa. Sila alisikia majembe yakigonga ile ardhi ngumu ya Ugogo, akajipa moyo: watachoka tu, naye akida atakwenda zake. Hawakuchoka.

Wakati wa kumnyanyua ulipofika, mzee mmoja akauliza, "Mwenye neno na marehemu?"

Jirani yao Marko akapangusa macho makavu. "Juzi aliniambia kwa kinywa chake: 'Marko, nikifa, Mabaka ni wako.'"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Nani ambishie? Loisi alifumbua mdomo, akamtazama akida, akaufumba. Marko alikuwa amekuja na kamba kabisa.

Moyo wa Sila ulichemka. Kubeba vyuma ni taabu, lakini Mabaka! Shuka likaruka huko.

"Mwongo mkubwa wewe! Juzi gani? Tangu mavuno hatusalimiani!"

Watu wakatimka, mmoja akatumbukia kaburini. Marko alikuwa amesutwa mchana kweupe, tena na maiti, kamba ikamponyoka mkononi. Akida peke yake hakuondoka pale alipoketi.

"Sila, wewe si umekufa?"

Sila akamtazama Mabaka, akaona hapana njia ya kurudi chini ya shuka.

"Nilikufa, bwana akida. Lakini si kwa kiasi hicho."

Alibeba vyuma miezi mitatu. Ncha ya pili ya kila chuma aliibeba Marko, kwa amri ya akida, ambaye aliona mabega yao yanalingana. Mabaka alibaki nyumbani na Loisi, akanenepa.