Bomba la Darubini ya Mpangaji

Mume wangu ni fundi wa faiba. Mashua za kutembeza wageni zikipasuka kule Diani, yeye ndiye huitwa kuziziba, na jioni hurudi kwetu Bongwe akinuka ile gundi kali isiyotoka hata kwa sabuni. Miaka yote ya ndoa yetu niliizoea harufu hiyo nikaiona kuwa yangu. Siku niliyoisikia kwenye leso ya mpangaji wetu, roho ilinichoma.

Mpangaji mwenyewe ni mwalimu wa sayansi, mwanamke wa bara, Mkristo, hana mume wala mtoto, na amepanga chumba cha uani. Sina la kumlaumu. Ana adabu, na akifagia hufagia mpaka upande wangu. Alikuja na kioo kizito cha mviringo amekizungushia taulo, akasema alipewa na mwalimu wake wa chuo, na kwamba kikipata bomba la kukalia kitakuwa darubini. Mume wangu alikipokea kwa mikono miwili.

"Bomba nitakutengenezea mimi, mwalimu," akasema.

Mimi nilikuwa nakuna nazi. Rafu ya jikoni nimeiomba tangu mvua za mwaka jana.

Basi ikawa kila alasiri wako bandani. Kazi ya faiba haitaki mtu mmoja. Gundi ikishachanganywa na dawa ya kuigandisha haingoji mtu, na kwa joto la kaskazi huwahi zaidi. Mmoja avute kitambaa cha faiba kinyooke juu ya kalibu ya kulipa bomba umbo, mwingine apake kwa brashi na kuyatoa mapovu. Yeye alipaka, mwalimu alivuta. Walitia tabaka la faiba, juu yake sponji ngumu ya kuundia mashua, kisha faiba tena, ili bomba liwe jepesi na lisipinde. Haya yote niliyajua kwa kusikiliza, maana siku hizo sufuria zangu zilihitaji kusuguliwa sana, tena karibu na dirisha.

Na nilichosikia hakikuwa mahaba. Laiti yangekuwa mahaba ningejua la kufanya, nina kaka zangu na nina ulimi wangu. Nilisikia, "Mwalimu, hapa unaonaje?" Nilisikia, "Mwalimu, tuongeze tabaka au yatosha?" Mume wangu, anauliza! Mimi huniambia lete, shika, ngoja. Sijapata kuulizwa naonaje, hata siku aliyonunua pikipiki, hata alipompangisha huyo mwalimu chumba. Leso zetu husema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi sikukonda. Walipochelewa kuja kula nilikula sehemu yangu na nusu ya sehemu yao.

Bomba la kwanza liliharibika. Kalibu yao ilikuwa kipande cha bomba pana la plastiki, na nta ya kukipaka, ili faiba isishike, ilikuwa imewaishia. Mume wangu akaingia jikoni, akachukua chupa ya mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe, akatoka nayo bila neno. Huko nje nikamsikia, "Mwalimu, haya yatafaa?" Mwalimu akasema huenda yakafaa, si ni mafuta? Wakayapaka, wakaviringisha faiba yao. Asubuhi bomba likagoma kutoka, limeng'ang'ania kalibu kama ukoko wa wali. Wakavuta, wakagonga, mwisho wakalipasua kwa msumeno. Sijui kama ningeulizwa ningekuwa na jibu. Lakini mafuta yalikuwa yangu! Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikajikuta nalia.

La pili waliifunika kalibu kwa karatasi ya nailoni, na lilitoka. Wakalipaka rangi nyeusi ndani, wakatia kioo chini na kilenzi cha kutazamia juu ubavuni, wakalipachika juu ya kitako cha mbao. Lilikuwa zuri, wallahi. Laini, jeupe, ukiligonga linaitika. Nikalichukia kwa uzuri wake.

Jioni yake ndiyo ilikuwa ya kutazamia mwandamo wa Ramadhani. Mchana mume wangu alikuwa amepiga msasa mdomo wa bomba bila kuvaa miwani, vumbi la faiba likamwingia, macho yakavimba na kuwa mekundu. Upande wa vilima vya Shimba kulikuwa na ukungu wa joto, na waliotazama kwa macho matupu hawakuona kitu. Pale uani mwalimu alilizungusha bomba polepole, akarudi, akazungusha tena, kisha akatulia.

"Nimeupata!" akasema. "Fundi, kuja uone. Ni kamstari tu, kembamba hivi."

Mume wangu akainama, akajifuta machozi, akainama tena.

"Mimi naona maji matupu," akasema.

Akasimama ameshika kiuno. Watu walikuwa wameshaswali Magharibi, na sauti zao tulizisikia kutoka baraza ya msikiti, wakibishana kama kesho kuna saumu au hakuna. Angewaita wangekuja mbio.

"Mwalimu, niwie radhi," akasema. "Siwezi kwenda kuwatoa watu kwa neno la asiyefunga. Watanicheka."

"Naelewa, fundi," mwalimu akajibu, na nikaona uso wake umemshuka.

Wakageuka wote wawili kunitazama mimi, niliyesimama mlangoni na ndoo yangu.

"Njoo, mke wangu," mume wangu akasema. "Mwezi unatua. Tazama, halafu uniambie unaonaje."

Nikaweka ndoo chini. Nikatia jicho. Ulikuwepo palepale katikati, mwembamba, umelala chali, wala haukuhitaji kutafutwa. Mume wangu aliniinamia karibu hata pumzi yake nikaisikia shingoni. Hakuwa na la kushika wala la kupaka, alikuwa akinisubiri mimi.

"Umeona nini?" akaniuliza.

Mwezi ulikuwa ukishuka taratibu ndani ya kioo, ukielekea ukingoni. Nikanyamaza, ili aniulize tena.