Sikio la Kushoto

Wengi waliosoma na Nyangi chuoni Musoma walishaacha zamani kuandika tovuti kwa mkono. Yeye hakuacha. Katika chumba chake cha stationari pale Mugumu, nyuma ya mashine ya kutolea kopi, aliandika kurasa mstari kwa mstari, alama kwa alama, kama mama anayechambua mchele: punje anayoitilia shaka huitoa, akaitazama, ndipo akairudisha au kuitupa. Kazi hiyo ilikuwa ya polepole, nayo haikumpa sifa.

Ukurasa aliokuwa akiutunza kuliko yote ulikuwa wa chama cha wafugaji wa vijiji vya kuanzia Ringwani mpaka Machochwe. Ng'ombe akiibwa, mwenyewe alikuja kwa Nyangi au alimpigia simu, naye akaandika: rangi yake, pembe zake, na hasa masikio yake. Maana kila mji, yaani kila boma la ukoo, una mkato wake. Huyu hukata ncha, yule hutoboa katikati, mwingine hupasua upande wa nyuma. Na sikio la kulia si sikio la kushoto; mkato ule ule upande wa pili ni mji mwingine kabisa. Hilo kila mfugaji analijua kama anavyolijua jina la baba yake.

Nyangi alikuwa ameupanga ukurasa ule ili maneno yatangulie na picha ifuate. Huko Machochwe, karibu na hifadhi, mtandao huja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Picha ikigoma kufunguka, maneno yalibaki: sikio la kushoto, limekatwa ncha. Ng'ombe walipatikana kwa maneno hayo, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyeyaandika.

Siku ya kikao cha chama, katibu, jina lake Joel, alimwita ofisini. Alikuwa ameshika simu yake kubwa mpya.

"Dada Nyangi, usinichukie," alisema. "Huu ukurasa wako ni kama tangazo la msiba."

"Hata msiba siku hizi una rangi," mjumbe mmoja akadakia. "Tena una matarumbeta!"

Wakacheka. Nyangi naye akacheka kidogo, kwa ajili ya heshima. Joel akamwonyesha ukurasa wa chama kingine cha ng'ambo ya mpaka: picha zimejaa kioo, vifungo vinang'aa, ng'ombe wanapita wenyewe kama walio kwenye maonyesho.

"Wageni wetu, wale wafadhili, wanakuja. Tunataka kama huu. Ukishindwa, yupo Nelson."

Nelson alikuwa fundi wa simu aliyekulia Sirari, kijana mchangamfu, na chumba chake kilikuwa jirani na cha Nyangi. Hakuwa mtu mbaya. Jioni hiyo hiyo alivuta kiti akakaa kando yake, akamfungulia programu yake ya kutengenezea tovuti.

"Sista, unajitesa bure. Hii kitu unavuta, unaachia, imeisha. Kwani unachonga mawe?"

"Na nikitaka kujua ndani kuna nini?"

"Ya nini? Wewe ukipanda basi unafungua injini?"

Jibu Nyangi alikuwa nalo, ila alikuwa amechoka kuwa mtu wa nyuma. Uvivu ukija umevaa matambara, kila mtu huufukuza. Humwingia mtu aliye makini pale unapokuja umevaa nguo za sherehe na kuitwa maendeleo. Nyangi akachagua. Alichukua kiolezo kilichokuwa tayari, akavuta, akaachia, na kabla jua halijazama chama kikawa na ukurasa mzuri kuliko wowote aliowahi kuutengeneza. Joel alimpigia simu kumsifu. Akampa Joel nywila ili naye aweze kurekebisha mambo madogo, maana sasa haikuhitaji elimu.

Wiki hiyo hiyo akaja mzee Vedasto wa Machochwe. Maksai wake mwekundu, mwenye baka jeupe usoni, alikuwa ameibwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Andika kushoto. Kwetu tunakata ncha ya kushoto, tangu babu. Usisahau kushoto."

"Sisahau, mzee."

Picha ya maksai ilikuwamo kwenye simu ya mzee, nayo ilikuwa safi. Tatizo ni kwamba kwenye kiolezo picha ilikaa upande wa kulia, na maksai alikuwa akitazama kulia, nje ya ukurasa. Nelson alipita mlangoni, akachungulia.

"Huyo ng'ombe anataka kutoroka tena. Mgeuze atazame ndani."

Kulikuwa na kifungo cha kugeuza. Nyangi akakibonyeza, na maksai akatazama ndani. Ukurasa ukapendeza. Chini ya picha, nafasi ya maneno ilikuwa ndogo, na maelezo yalikatika mwishoni, akayafupisha. "Maksai mwekundu, baka jeupe usoni, sikio limekatwa." Neno la mzee lilikuwa limebaki nje. Nyangi alilikumbuka, akajiambia: picha inaonyesha.

Na kweli picha ilionyesha. Ilionyesha sikio la kulia.

Huko Kerende, upande wa Tarime, mtu mmoja aitwaye Olima alikuwa amekodi shamba. Alikuwa Mjaluo, mkulima wa mahindi, amekaa na wenyeji kwa amani. Maksai wake wawili alikuwa amewanunua mnadani, na mmoja alikuwa mwekundu mwenye baka usoni, ncha ya sikio la kulia imekatwa na mji alikotoka. Asubuhi moja, Olima akiwa shambani na plau, wanaume wakapita njiani. Mmoja akasimama, akatoa simu, akatazama kioo, akamtazama ng'ombe.

"We Olima, huyu umemtoa wapi?"

"Mnadani. Kibali kipo nyumbani, ngoja nikakilete."

"Kibali!" yule mtu akasema. "Karatasi inaandikwa, bwana. Sikio haliandikwi."

Yowe likapigwa. Yowe likipigwa katika nchi ile, mwanamume haulizi kwanza; hukimbia na fimbo, kisha huuliza. Ni desturi iliyookoa mifugo mingi, na ni desturi isiyo na kichwa. Mke wa Olima, Susana, alikuja mbio na kibali mkononi. Hakuna aliyekisoma. Walipomwacha Olima, mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili, na vidole vyake havikumtii tena.

Mzee Vedasto aliletwa kumtambua ng'ombe wake. Alimzunguka yule maksai polepole. Akamshika sikio la kulia, akaliachia. Akashika la kushoto, lilikuwa zima.

"Huyu si wangu."

"Mzee, tazama vizuri. Picha si hii hapa?"

Mzee akashika simu, akaiweka mbali na macho, akaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu wa kwenye simu ndiye wangu," alisema hatimaye. "Lakini nani amemhamisha sikio?"

Wakaanza kutawanyika mmoja mmoja, kila mtu akikumbuka kazi aliyoiacha nyumbani. Waliokuwa wengi wakati wa kupiga hawakuonekana hata wawili wakati wa kumwinua.

Habari ilimfikia Nyangi kwa Joel.

"Geuza picha, kimya kimya," Joel alisema kwenye simu. "Ikienea, chama kimekufa. Na wewe pia."

"Na Olima?"

"Olima tutampelekea pole."

Nyangi aliigeuza picha. Kisha akafunga chumba, akaenda Kerende.

Olima alikuwa amekaa mbele ya nyumba, mkono umefungwa kifuani. Alipomwona mgeni akanyoosha mkono wa kushoto, akaurudisha, akaunyoosha tena.

"Nisamehe, nyathina, mwanangu. Sasa nasalimia kwa huu. Na kula nakula kwa huu. Watu wakija nasubiri waondoke ndipo nile."

Nyangi akapiga magoti. Alisema lililokuwa la kusema: kwamba ni yeye, kwamba aligeuza picha ili ng'ombe atazame ndani ya ukurasa.

"Ili iweje?" Susana akauliza.

"Ili ipendeze."

Susana alimtazama kama anayesubiri maneno mengine. Hayakuwapo. Akaingia ndani.

"Hukujua kulia na kushoto?" Olima aliuliza, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nilijua, mzee. Tena niliambiwa."

Kuku walipita kati yao.

"Mkono umeshakwenda," Olima alisema. "Lakini ile picha bado inatembea. Jana mtu wa mnadani alinikataa. Andika kwamba mimi si mwizi. Uandike jina langu."

Nyangi alirudi akaandika. Kwenye ukurasa mzuri wa chama, juu kabisa, aliweka maneno: Olima wa Kerende si mwizi, picha iligeuzwa, kosa ni langu, Nyangi. Kufikia jioni maneno yale hayakuwapo. Joel alikuwa ameyaondoa. Kazi ilikuwa rahisi: kuvuta na kuachia. Nyangi alipojaribu kuyarudisha, nywila ilikataa; Joel alikuwa ameibadilisha. Wageni walikuja, wakausifu ukurasa, wakapiga picha na wajumbe.

Naye akaanza upya, kwa mkono, ukurasa wake mwenyewe usio na rangi. Mstari wa kwanza ulikuwa jina la Olima. Aliusambaza kwa kila aliyemjua. Wachache waliufungua. Picha ya maksai aliyegeuzwa ilikuwa imeshatangulia, kutoka simu hadi simu, mpaka mahali ambapo Nyangi hakumjua mtu. Olima aliuza maksai wake kwa hasara na kurudi kwao, na huko pia, alimwambia Nyangi kwenye simu, waliikuta picha imefika.

Haikuwa programu iliyompiga Olima. Wala si kila anayevuta na kuachia ni mzembe. Lakini mtu aliyeambiwa neno moja la kushika, akaliacha kwa sababu halikutosha chini ya picha, asitafute mwingine wa kulaumu.

Mzee Vedasto hakumpata ng'ombe wake. Hata hivyo wafugaji wawili watatu bado huja kwa Nyangi, wasiojali rangi. Mtu akitaja sikio, Nyangi huacha kuandika. Huinua mkono, akashika sikio lake mwenyewe la upande ule, akalibana mpaka lichome, ndipo anaandika neno.