Fundi Kufuli Achagua Kadi ya Safari

Fundi kufuli wa kona ya wauza viatu hakumwamini mtu, na msimlaumu. Miaka thelathini na minane mtu anakaa kwenye kibanda cha bati akifungua makufuli ya watu, ataamini nini? Alishaona milango ya matajiri ikifunguka kwa kipande cha waya. Alishaitwa na mume amfungulie sanduku la mkewe, na kesho yake akaitwa na mke huyo huyo amfungulie kabati la mumewe. Kwa hiyo akajiwekea kanuni: kufuli jipya halitoki kibandani mpaka kwanza alitie funguo tatu za makufuli mengine. Likizikataa zote tatu, hilo ni kufuli. Likikubali hata moja, hilo ni pambo. Wateja wenye haraka walikoma naye. "Jaribu tena," alikuwa akiwaambia, "jaribu tena," mpaka mtaa ukasahau jina lake la kuzaliwa, ukamwita Jaribu Tena.

Ufunguo wa kibanda chenyewe ulikuwa mmoja tu duniani. Ulining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu, na hata mkewe, mama wa watoto wake wanne, hakuugusa ila siku za kufua fulana.

Asubuhi moja simu ikalia. Alikuwa mpwa wake, akipiga kutoka ng'ambo, alikohamia na mama yake miaka kumi na miwili nyuma.

"Mjomba, mama hali yake si nzuri. Madaktari wanasema ni wiki, wala si miezi. Anakutaja kila siku. Tiketi nimeshakata, ni ya tarehe ishirini. Njoo, mjomba."

Sasa huyo dada si dada wa kuitwa tu dada. Mama yao alipofariki, fundi alikuwa na miaka saba na dada kumi na mitano. Dada alifua nguo za watu, akampeleka shule, akamnunulia tupa yake ya kwanza ya kuchongea funguo. Ni yeye aliyemvika ufunguo wa chumba chao shingoni, kwa kamba ya kiatu, kila asubuhi kabla hajaenda kufua. "Usimpe mtu," alikuwa akimwambia. "Hata akisema nimemtuma mimi." Fundi akaiweka simu chini, akalia pale pale, mteja akimtazama.

Jioni mkewe akauliza, "Pesa za huko utabebaje?"

"Mfukoni."

"Mfuko gani wa safari ya wiki tatu? Uibiwe, halafu mtoto wa watu aache mgonjwa akuhangaikie wewe? Nenda benki ukachukue kadi ya kusafiria. Na uulize yenye makato madogo, maana kuna kadi zinazokula pesa kuliko mwenye pesa."

Benki ya kwanza ilikuwa na bango la ukuta mzima: HAKUNA MAKATO. Chini ya bango alikaa kijana wa tai nyekundu.

"Hata senti?" fundi akauliza.

"Hata senti, mzee wangu."

"Na hii feni inazunguka kwa pesa ya nani?"

Kijana akacheka. Fundi hakucheka. Alimbana mpaka kijana akakiri kwamba pesa ikibadilishwa kuwa ya kigeni, bei wanapanga wao. "Ahaa! Hunikati mkononi, unanikata mgongoni," fundi akasema, akachukua kofia yake.

Benki ya pili mama mmoja wa miwani hakumficha kitu, ila alichomwambia kilitisha. Ukilipia kitu ng'ambo, unakatwa tatu na nusu katika kila mia. Ukitoa taslimu, unakatwa tena. Ukiuliza salio, vilevile.

"Kuuliza nako kunalipiwa?"

"Kwa mashine za nje, ndiyo."

"Basi wekeni mita hata mlangoni, mtuhesabie pumzi!"

Benki ya tatu akamkuta binti mwenye mwanya, nywele kazikata fupi. Huyu alichukua karatasi akamwandikia kwa mkono wake: ada ya mwaka hii hapa, makato ni moja katika kila mia, kutoa taslimu mara mbili za kwanza kila mwezi sisi hatukati. Halafu akainama kidogo juu ya kaunta.

"Na ukifika huko, baba, mashine itakuuliza ukatwe kwa pesa ya huku au ya kule. Chagua ya kule. Ukichagua ya huku, watabadilisha wao kwa bei yao, na utaumia."

Fundi akamkazia macho. Mtu wa benki anayekufundisha kukwepa makato ana lake jambo!

"Wewe unalipwa na benki au na mimi?"

"Na benki."

"Sasa mbona unanionea huruma?"

"Ukiumia, utakuja kunigombeza mimi."

Hakuridhika. Akarudi kesho, na keshokutwa, siku sita mfululizo, akiuliza maswali yale yale, hata lile la feni, leo kaanzia juu, kesho kaanzia chini, ili amkamate akijikwaa. Siku ya nne mlinzi alimvutia kiti bila kuombwa. Siku ya tano fundi akamtuma mkewe aende kama mtu asiyemjua, aulize yote upya. Mkewe akarudi na majibu yale yale, na ghadhabu juu: "Dada yako yuko kitandani, wewe unapeleleza watoto wa watu!" Kuuliza si ujinga, ndiyo, lakini hata kuuliza kuna kipimo.

Tarehe kumi na saba akakubali. Akafungua akaunti, kesho yake akachukua kadi, akachagua namba ya siri huku kafunika vitufe kwa kofia. Akatoka nje. Pale ukutani palikuwa na mashine ya kutolea pesa, na fundi akasimama.

Kufuli jipya. Atalibebaje ng'ambo bila kulijaribu?

Akatia kadi, akabonyeza namba isiyo yake. Mashine ikakataa. "Vizuri," akasema. Akatia ya pili isiyo yake. Ikakataa. "Vizuri sana." Akatia ya tatu. Mashine ikanyamaza, ikaimeza kadi, ikafunga mdomo.

"Wezi!" Fundi aliingia ndani kwa kishindo. "Nilijua! Tangu siku ya kwanza nilijua!"

Binti akasimama. "Baba, umeweka namba gani?"

"Tatu, zote si zangu."

"Kwa nini?"

"Nione kama inafunga!"

Binti akamtazama, akasema taratibu, "Baba, inafunga."

Mlinzi alilazimika kutoka nje akachekee huko.

Lakini meneja hakucheka. Kadi mpya, akasema, ni siku tano za kazi. Ndege ilikuwa keshokutwa. Njia nyingine ni kuirudisha ile iliyomezwa, ila mteja athibitishwe kwa kidole gumba. Fundi akaweka kidole, taa nyekundu. Akafuta, akaweka, nyekundu. Siku ya kufungua akaunti kilisomeka kwa taabu, baada ya kupakwa mafuta; leo hata mafuta hayakusaidia. Vidole vyote kumi tupa ilikuwa imevilamba, havina hata mstari.

"Mzee," meneja akasema, "picha ya kitambulisho ni ya zamani, namba umekosea mara tatu, kidole kinakataa. Nitajuaje kwamba wewe ndiye?"

Maisha yake yote fundi ndiye aliyekuwa akiwauliza wenzake swali hilo. Leo ameulizwa yeye. Akamwona dada yake kitandani akiuliza, bado hajafika? Mkono wake ukaenda shingoni, kwenye kamba, ukabaki hapo. Aliogopa, na uso ulionyesha.

"Si kuna fomu ya udhamini?" binti akauliza. "Mfanyakazi akimfahamu mteja?"

"Ipo. Akiwa siye, hasara inatoka kwenye mshahara wa aliyetia sahihi. Unamfahamu kwa lipi?"

"Meneja, huyu amekuja siku sita kuniuliza kama nitamwibia. Akamtuma na mkewe. Tapeli gani ana muda huo?"

Fundi akashtuka. "Ulijua ni mke wangu?"

"Aliuliza maswali yako, baba. Mpaka lile la feni."

Akatia sahihi. Nusu saa baadaye kadi ikawekwa mbele ya fundi. Alitaka kushukuru. Akaivua ile kamba ya ufunguo shingoni, akaiweka juu ya kaunta.

"Kibanda cha bati, kona ya wauza viatu. Kuna makufuli matatu ya wateja, majina nimeyabandika. Wakija, uwape."

Mkewe aliposikia alinuna mpaka uwanja wa ndege.

Alimkuta dada hai. Alikuwa amebaki macho na mifupa, lakini kauli ni ile ile. Akataka maji ya machungwa yenye barafu. Fundi akashuka dukani chini ya hospitali, mashine ikamuuliza, pesa ya huku au ya nyumbani kwako? Akachagua ya huku. Akabonyeza namba yake, mara moja tu.

Dada akanywa kidogo, akapumzika, akanywa tena.

"Kibanda umefunga?"

"Nimefunga, dada."

Mkono mwembamba ukanyanyuka, ukaenda shingoni mwa fundi kama ulivyokuwa ukienda kila jioni zamani, kuhakikisha. Ukapapasa kushoto, ukapapasa kulia. Hapakuwa na kitu.

"Umempa nani?"

"Msichana wa benki."

Dada akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, na muuguzi akachungulia mlangoni.

"Wewe, umempa mtu ufunguo? Basi ni kweli," akasema, akifuta machozi. "Ninakufa."

Fundi alitaka kumwambia hapana. Akamshika mkono, akaurudisha pale shingoni, akaubana na kidevu chake ukae hapo.